Ilhamu ya Msanifu

Katika masomo ya usanifu, swali aulizwalo mwanafunzi mara nyingi kuliko jingine ni hili: Ilhamu yako umeipata wapi? Huulizwa na mwalimu anapotoa kazi, huulizwa na mtahini anapoikagua, na huulizwa na mgeni anapoitazama ukutani. Ni swali jema. Lakini swali jema laweza kuharibiwa na jibu baya lililozoewa, kama maji matamu yanavyoharibiwa na mtungi mchafu. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kuwa jibu tulilolizoea ni baya, na kwamba vijana wanaofundishwa kulitoa hunyang'anywa kitu ambacho hawatarudishiwa na cheti chochote.

Neno usanifu lina maana nyingi. Hapa nalitumia kwa maana ya kazi ya kufikiri na kuchora umbo la kitu kabla hakijatengenezwa: kiti, nguo, jiko, nyumba au tangazo. Kila kitu kilichotoka katika mkono wa mtu, au katika mashine ya mtu, kilipata kwanza kusanifiwa, vizuri au vibaya. Mkono wa sufuria uunguzao vidole ulisanifiwa. Dawati limpindalo mtoto mgongo lilisanifiwa. Kwa hivyo jambo la ilhamu si anasa ya wachoraji peke yao. Lafika jikoni, lafika darasani na sokoni, na kila mmoja wetu ama huona faida yake ama hulipa hasara yake.

Nitaanza kwa kisa. Niliwahi kualikwa kutazama maonyesho ya kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja. Kila mwanafunzi alikuwa ametakiwa kusanifu kiti. Viti vilipangwa ukumbini, na vingi vilipendeza macho: miguu myembamba, migongo iliyopindwa kwa ustadi, rangi nyeupe na za kijivu. Nilipovitazama kwa makini niliona kuwa vilikuwa ndugu. Vyote vilikuwa wana wa picha mbili au tatu zilizosafiri kutoka nchi za baridi, na wenyewe hawakulificha jambo hilo. Kila mmoja aliweka kando ya kiti chake ubao wenye picha za ilhamu yake, na picha zilikuwa zile zile: sebule za watu wengine, zenye theluji dirishani.

Pembeni palikuwa na kiti kifupi cha mbao na kamba za katani, chenye sanduku chini yake na mahali pa kuchomeka mwavuli. Binti aliyekitengeneza alieleza kuwa mama yake ni muuza mboga, na kwa miaka mingi amekuwa akikaa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Yeye alikwenda sokoni siku tatu na utepe wa kupimia. Alipima urefu wa meza ya mboga, akahesabu mara ngapi muuzaji huinama na kugeuka kwa saa moja, akaangalia fedha huwekwa wapi na mvua huingilia upande gani. Ubao wake haukuwa na picha yoyote, ila michoro ya penseli na hesabu. Mtahini aliutazama akasema, "Binti, hii ni kazi ya fundi wa kibandani. Vipimo naviona, ilhamu siioni." Binti alijibu, "Ndiyo, mwalimu," akainamisha kichwa. Alipewa alama za kupita tu.

Mimi pia nilinyamaza siku ile, nikahesabu kunyamaza kwangu kuwa ni adabu. Tangu hapo nimejua kuwa haikuwa adabu bali woga. Insha hii ni jibu nililopaswa kulitoa pale pale.

Yako makosa matatu yatendwayo juu ya ilhamu, na kila kosa lina watetezi wake.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa ilhamu hushuka kama mvua, bila ya mtu kufanya lolote ila kungoja. Mwanafunzi mwenye imani hii hukaa na karatasi tupu, akilaumu siku, akilaumu kelele za jirani, akisema kuwa roho yake haijaguswa. Lakini hebu na tuwatazame watu ambao roho zao ziliguswa. William Morris wa Uingereza, msanifu maarufu wa vitambaa, mnamo mwaka 1883 alitoa nakshi yenye ndege wanaoiba stroberi, na nakshi hiyo ingali inapendwa hata leo. Ndege hao hawakumjia katika ndoto. Aliwaona katika bustani ya nyumba yake ya shamba, wakila matunda ya bustani hiyo. Na kuwaona peke yake hakukutosha: alikuwa amekwisha taabika kwa miaka kujifunza kutia nguo rangi ya nili, mikono yake mwenyewe ikiwa ndani ya rangi, mpaka akaweza kuichapa nakshi ile kama alivyotaka.

Chukua mfano mwingine. Mwaka 1941 Mswisi mmoja, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini na mbwa wake, akakuta mbegu za magugu zimeshika nguo zake na manyoya ya mbwa. Zilikuwa mbegu zenye tabia kama ya kishonanguo chetu. Aliziweka chini ya hadubini, akaona vijiti vyenye ncha zilizopinda kama ndoana. Kutokana na ndoana hizo, baada ya miaka mingi ya majaribio, alipata kifungo cha kubandika na kubandua kiitwacho Velcro, ambacho leo kimo katika viatu na mikoba ya watoto wa dunia nzima. Ni nani miongoni mwetu ambaye hakupata kurudi nyumbani kutoka malishoni au shuleni soksi zake zimejaa kishonanguo? Sote tulizing'oa mbegu zile kwa hasira tukazitupa. Yeye aliziuliza swali. Mwanzo wa ilhamu ulikuwa katika swali lile, na mbegu ilikuwa ile ile itupwayo na wote.

Kosa la pili ndilo lililokijaza viti ukumbi nilioutaja. Ni kudhani kuwa ilhamu inakaa mbali, katika majarida ya miji mikubwa ya ng'ambo, na siku hizi katika kioo cha simu. Mwanafunzi hupekua picha elfu moja kwa jioni moja, akachagua kumi, akazichanganya, akaita mchanganyiko huo kazi yake. Tena zipo sasa kompyuta zichorazo zenyewe kwa kuamriwa maneno machache. Huambiwa, "Nichoree kiti cha kisasa," na kiti huonekana kabla mtu hajapiga chafya. Sizitukani mashine hizi, kwani chombo si adui wa fundi. Lakini ni haki kuuliza zilijifunza wapi. Zilijifunza kwa picha zilizokwisha kuchorwa na kupigwa na watu, basi hutoa mfano wa yale yaliyokwisha kuwapo. Hakuna kompyuta iliyopata kukaa juu ya kreti sokoni tangu alfajiri mpaka magharibi. Maumivu ya mgongo wa mama muuza mboga hayamo katika picha hizo, na yasiyokuwamo hayawezi kutoka.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati sisi tunatazama kwao, wao wametazama kwetu siku nyingi. Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, akasimama mbele ya vinyago vya Afrika, na uchoraji wake haukuwa kama ulivyokuwa kabla ya hapo. Vinyago vile vilichongwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa. Karibu na kwetu zaidi, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja huko Uingereza iliomba kusajili jina la kikoi liwe alama yake ya biashara. Wakenya walipinga, na ombi halikufaulu. Mtu hagombei kitu kisicho na thamani. Maadam wageni wanaiona thamani ya kikoi, ni aibu mwanafunzi wetu akiona ndani yake nguo ya kuogelea pwani tu. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na onyo hilo linamfaa msanifu kuliko mtu mwingine yeyote.

Hapa ndipo linapoingia kosa la tatu, na watetezi wake ni watu wanaodhani kuwa niko upande wao. Wao husema: basi na tufunge madirisha, tuchote kwa mababu peke yao, na kila kazi ya mwanafunzi ipambwe kwa ngao, mkuki na kibuyu. Siwezi kukubali. Hao nao huiga kama wenzao, ila wao huiga mababu, na mababu wenyewe hawakuishi hivyo. Chunguza kiondo ambacho kila mtu hukitaja kuwa ni urithi safi. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za magome ya vichaka. Mkonge, ambao wengi hudhani ndio asili yake, uliletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1893, ukapandwa Tanganyika. Wanawake wa Kikuyu na wa Kamba waliujaribu uzi huo mgeni, wakauona una nguvu, wakaufanya wao. Chunguza shanga za Wamaasai. Nyingi ni za kioo, na kioo hicho kilitoka Venice na Bohemia. Ushanga ulikuwa mgeni, lakini mpango wa rangi, na maana ya rangi hizo, ni wa mama wa Kimaasai aliyeketi kivulini na sindano yake.

Mfano mkubwa wa wote ni kanga. Husimuliwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kitambaa zikiwa bado hazijakatwa moja moja, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja vikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima ichapwe kwa mtindo huo. Ikawa na pindo kuzunguka, mji katikati, na baadaye jina, yaani yale maneno yasemayo usiyoweza kuyasema kwa kinywa. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa Ulaya, Bara Hindi na Japani. Hata lile umbo la korosho lipendwalo sana lina asili yake huko Hindi. Kitambaa kilitoka ng'ambo, rangi zikatoka ng'ambo, mashine zikabaki ng'ambo, na bado hapana atakayeiona kanga akasema si nguo ya Waswahili. Kwa nini? Kwa sababu wanawake wenyewe ndio waliokuwa wakiamua. Mfanyabiashara aliyepuuza macho yao alibaki na marobota yake dukani. Msanifu mkuu wa kanga, basi, alikuwa mvaaji wake, na mchoraji alikuwa mtumishi wa mvaaji huyo.

Makosa matatu yamekwisha onekana, na ukweli umeanza kujitokeza kati yake. Si karibu kunakoleta ilhamu, wala si mbali; si uzee wa kitu, wala si upya wake. Ilhamu huzaliwa pale macho ya mtu mwenye bidii yanapokutana na haja ya kweli na maada ya kweli. Nitaeleza mambo haya mawili.

Haja kwanza. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wako watu nchini Kenya waliotaka kupunguza makaa yanayochomwa mijini, kwani makaa ni miti, na miti ilikuwa ikiisha. Jiko la bati lilipoteza moto mwingi ubavuni. Walitazama mbali, wakaona jiko la Thailand lililofanana na ndoo, lenye udongo ndani. Laiti wangekuwa kama wanafunzi wa ukumbi ule, wangaliliiga kama lilivyo na kuweka picha yake ubaoni. Walilileta wazo tu, wakaliunganisha na jiko la bati la mafundi wa jua kali, kisha wakawasikiliza wapishi. Sehemu ya udongo ilipasuka, ikabadilishwa. Ilitakiwa jiko lisipinduke mtu anaposonga ugali kwa nguvu, basi chini likapanuliwa. Mwishowe likapatikana jiko lenye kiuno chembamba tunalolijua sote, bati nje na udongo ndani, ambalo hutumia makaa machache sana kuliko lile la kwanza, na ambalo limefuatwa katika nchi nyingine za Afrika. Je, ilhamu ya jiko hili ilitoka Thailand au Kenya? Ilitoka katika mkono wa mpishi uliokuwa ukisonga ugali. Thailand ilitoa msaada, na msaada ulipokelewa kwa heshima na kwa akili.

Sasa maada. Msuka mkeka hapambi kama mchoraji apambavyo. Chane zake za ukindu hupita juu na chini, juu na chini, kwa hivyo nakshi zake ni ngazi, pembe na mistari ya mshazari. Duara humkataa. Yeye hakuona kukataliwa huko kuwa ni kifungo, bali alifuata njia aliyoonyeshwa na ukindu mpaka akafika kwenye uzuri ambao kalamu haingeufikia. Nenda Lamu, mji wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, uingie katika nyumba za mawe. Utaona vyumba virefu na vyembamba. Wembamba huo ulitoka katika boriti za mikoko, ambazo urefu wake hauvuki nafasi kubwa. Mjenzi hakushindana na boriti. Alikubali wembamba, kisha akaupamba ukuta wa mwisho kwa safu za zidaka za chokaa, mpaka mgeni akiingia husahau kuwa chumba ni chembamba, akaona kina utulivu. Huo ndio usanifu. Kizuizi kilipokelewa kama mwalimu, na mwalimu akalipa.

Najua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa: kuiga ndiko kujifunza, mchonga milango wa Lamu alianza kwa kufuatisha nakshi za bwana wake, kwa nini mwanafunzi wa chuo akatazwe? Simkatazi. Hata Vincent van Gogh, mwaka 1887, alinakili picha za Mjapani Hiroshige kwa rangi na brashi. Lakini tofauti ni kubwa. Anayenakili kwa mkono hulazimika kuuliza kila hatua: mstari huu umeanzia wapi, na kwa nini umekoma hapa? Patasi ya mwanagenzi ikiteleza, mti humfundisha. Anayenakili kwa kubonyeza kidole haulizi lolote, wala hakuna kinachomfundisha. Wa kwanza huazima chombo ili akijue. Wa pili huazima nguo ili aonekane amevaa. Tena mwanagenzi hasemi kuwa mlango wa bwana wake ni wake. Siku ya kutoa mlango wake mwenyewe huwadia, na siku hiyo watu wa mtaa huutambua mkono wake. Nasi twapaswa kuwauliza wanafunzi wetu siku hiyo ni lini, ikiwa miaka yote ya chuo imekwisha katika kuazima.

Litasemwa pia: nchi yetu bado changa, haina majumba makubwa ya sanaa, mwanafunzi maskini ataona wapi vitu vizuri? Nami nasema kuwa umaskini wa mfuko ni taabu, lakini umaskini wa macho ni maafa. Soko la Gikomba, gati la Mombasa, karakana ya wachonga mawe ya Kisii huko Tabaka, na hata jiko la bibi yako, vyote ni madarasa yasiyodai karo. Kinachodaiwa ni kuinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wasomi wengi hawapendi kuinama wasije wakadhaniwa mafundi. Hapo ndipo lilipo shina la neno la yule mtahini. Aliposema "fundi wa kibandani" alikusudia tusi. Lau angalifikiri, angaliona kuwa alikuwa akitoa sifa. Tukiendelea kufundisha kuwa vipimo ni vya fundi na ilhamu ni ya msomi, tutapata mafundi wasiothaminiwa na wasomi wasiofaa, na viti vyetu vitaagizwa kutoka ng'ambo milele, pamoja na mawazo ya kuvikalia.

Nilipata habari baadaye kuwa viti vya maonyesho yale vingi viliingizwa ghalani, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyevihitaji. Kiti cha binti kilipelekwa sokoni kwa mama yake. Wauzaji wawili wa jirani walikikalia, wakauliza bei. Mmoja alilalamika kuwa sanduku la fedha liko upande wa kulia, naye hutumia mkono wa kushoto, na binti akarudi nyumbani kuchora upya. Sijui mtihani ulio bora kuliko huo, wala mtahini aliye mkali zaidi ya yule mama wa mkono wa kushoto.

Kwenu walimu, ombi langu ni dogo. Msiulize tu, "Ilhamu yako umeipata wapi?" Ulizeni, "Umemtazama nani, kwa muda gani, na umeona nini?" Ubao wa picha hauwezi kujibu maswali hayo, daftari lenye vumbi la soko laweza.

Kwenu vijana mtakaosoma usanifu, nasema: itazameni dunia yote, maana hakuna nchi iliyokatazwa macho yenu. Jifunzeni kwa Mjapani, kwa Mhindi, kwa Mzungu na kwa babu zenu, na kila mmoja mpeni shukrani yake kwa jina. Lakini mtakaporudi kutoka huko kote, msisahau kuitazama kreti iliyopinduliwa ambayo mama yenu ameikalia. Inawangoja tangu zamani.